Antonio de Torres, fundi wa gitari aliyeuza sahani ili apate kula

Fundi wa Masisi au Walikale anayechonga gitari kwa mkono wake analijua swali la kwanza la mteja: mbona bei kubwa namna hii, na hiki ni kitu cha mbao tu? Mara nyingi mteja huyo amekwisha kuona gitari ya kiwanda sokoni Goma, iliyotoka China, inang'aa, na mfuko wake juu. Fundi anashusha bei. Mteja anashusha tena. Mwishoni gitari inaondoka kwa pesa ambazo hazirudishi hata siku fundi alizokaa juu yake.

Mtu aliyeonja uchungu huo hadi mwisho ni Antonio de Torres Jurado, seremala wa Uhispania aliyefariki mwaka 1892. Gitari ya klasiki inayopigwa leo duniani kote, ukubwa wake, urefu wa nyuzi zake na namna ilivyojengwa ndani, kwa sehemu kubwa inafuata kazi ya mikono yake. Yeye mwenyewe, kwa miaka mingi, hakuweza kuishi kwa kuuza gitari.

Alizaliwa tarehe 13 Juni 1817 huko La Cañada de San Urbano, kijiji kilicho karibu na mji wa Almería, kusini mwa Uhispania. Baba yake alikuwa mtoza kodi. Mtoto alipofikisha miaka 12 alipelekwa kwa seremala ajifunze kazi: kushika randa, kunoa patasi, kuujua mti kwa kuugusa na kuunusa. Hakuna aliyemfundisha gitari wakati huo. Alikuwa fundi wa meza, milango na viti kama mafundi wengi wa kwetu.

Halafu vita vikaingia. Mwaka 1833 mfalme alikufa, na ukoo wa kifalme ukagawanyika juu ya nani arithi kiti. Vijana wakaanza kuandikishwa jeshini kwa nguvu, na Antonio alikuwa mmoja wao. Baba yake alifanya kila mbinu mpaka mtoto akaandikiwa kuwa ni mgonjwa asiyefaa kwa jeshi. Lakini karatasi ya daktari haikutosha kumlinda, kwa maana waliokuwa wakichukuliwa kwanza ni vijana wasio na mke. Ndiyo sababu mwaka 1835 aliozeshwa haraka Juana María López, binti wa mwenye duka, aliyekuwa na miaka 13 tu. Wazazi wa Masisi waliowahi kuficha vijana wao wataielewa hofu ya baba huyo. Ila mzigo wote ulimwangukia yule msichana. Walizaa watoto watatu, wawili wakafa wangali wadogo. Juana María mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1845, akiwa na miaka 23.

Miaka hiyo Torres alikuwa na madeni karibu wakati wote. Useremala haukuwa ukimlisha vizuri, akawa anahangaika kutafuta kazi yenye malipo bora. Ndipo alipofika Sevilla, mji mkubwa wa kusini, wenye wapiga gitari kila mtaa na mafundi wa gitari waliokaa karibu karibu. Huko akafungua karakana.

Hapo mwanzo gitari ilikuwa kazi moja kati ya kazi zake nyingi. Aliyemsukuma aishike kwa moyo wote ni Julián Arcas, mpiga gitari mwenye sifa kubwa wakati ule, ambaye naye alitoka upande wa Almería. Kuanzia miaka ya 1850 Torres akaacha meza na viti. Arcas alikuwa akipiga mbele ya watu wengi katika kumbi, na gitari za zamani, ndogo na za sauti ya chini, zilikuwa hazimtoshi. Alitaka sauti ifike hadi kwa mtu aliyeketi nyuma kabisa.

Inafaa kueleza kidogo sauti ya gitari inatoka wapi, kwa kuwa maisha yote ya Torres yalizunguka jambo hilo. Uzi peke yake hauna sauti ya maana. Funga uzi kati ya misumari miwili iliyopigwa ukutani, uupige, utasikia kidogo tu. Katika gitari uzi unatikisa daraja, daraja linatikisa ubao wa mbele, na ubao huo ndio unaosukuma hewa mpaka sikioni. Ubao ukiwa mnene, ni mzito, hautikisiki, sauti inafia ndani. Ukiwa mwembamba sana, nyuzi zitauvuta mpaka upinde au upasuke, maana nyuzi sita za gitari ya klasiki zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 40. Nyuzi za chuma zinavuta zaidi ya hapo sana. Kijana anayefunga waya wa freni ya baiskeli kwenye gitari yake amekwisha kuyajua haya: anaweka ubao mnene ili usivunjike, na anapata gitari ngumu isiyolia.

Torres alijibu tatizo hilo kwa kulishika pande zote mbili. Alikuza mwili wa gitari. Akapunguza ubao wa mbele mpaka ukawa wa milimita mbili hivi, na mahali pengine chini ya hapo. Akaukunja kidogo ufanye mgongo kama ngao. Kwa ndani akabandika fito nyembamba, mara nyingi saba, zilizotandazwa kama vidole vya mkono uliofunguka, ili ubao uwe na nguvu bila kuwa mzito. Hakuwa wa kwanza kutumia fito za namna hiyo, wengine walizitumia kabla yake. Yeye ndiye aliyezipima na kuzipanga mpaka zikakaa sawa na ukubwa mpya wa gitari. Urefu wa nyuzi, kutoka kichwani mpaka darajani, ulitulia kwenye sentimita 65 hivi, na mafundi wengi hawajauacha mpaka leo.

Mwaka 1856 alitengeneza gitari moja inayoitwa La Leona, yaani Simba Jike. Ni kati ya gitari zake zinazosifiwa kuliko zote. Ubao wake wa mbele ni episea, mti mwepesi wa nchi za baridi. Mgongo na mbavu zake ni sipresi. Hapo msomaji wa Masisi asimame kidogo. Sipresi ndiyo jamii ya ile miti iliyopandwa kwenye nyua za shule, parokia na mashamba katika vilima vyetu. Siyo aina ileile, ya Uhispania ni nyingine, lakini ni ndugu. Kule ulikuwa mti wa nyumbani, wa bei ya chini, wakati watu wenye pesa walitaka gitari za palisanda, mbao nyeusi nyekundu zilizoletwa kwa meli kutoka Brazili. Torres alizifanya hizo pia kwa wateja walioweza kuzilipia. Lakini gitari iliyobeba jina la simba ni ya mti wa maskini.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, alipeleka kazi yake kwenye maonyesho huko Sevilla, akapata medali ya shaba. Jina lake likaanza kutembea.

Tufike sasa kwenye gitari ya katoni. Ndiyo iliyonifanya nione kwamba maisha ya mtu huyu yanafaa kusimuliwa hapa. Watu walikuwa wakibishana, kama wanavyobishana mpaka leo, juu ya mbao gani inafaa kwa mgongo na mbavu, na kila mmoja akitaja mti wa gharama. Torres hakubishana. Mwaka 1862 alitengeneza gitari yenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, katoni kabisa, na ubao wa mbele akauweka wa mti mzuri kama kawaida yake. Ikalia, na walioisikia walikubali kwamba ni gitari ya kweli. Maana yake kwa bei ni wazi: mteja anayelipa pesa nyingi kwa sababu ya palisanda ya mgongoni analipia sana macho yake. Sauti inatoka kwenye ubao wa mbele, na ubao wa mbele haufanyi kitu mpaka fundi ajue aupunguze wapi na auache wapi.

Kwetu kuna chombo kimoja ambacho watu hukinunua kwa akili hiyo hiyo. Anayenunua chukudu hatazami kama mbao zake zinang'aa. Anatazama kama itashuka mteremko na magunia bila kupasuka, na kwa hilo anamlipa fundi anayejua mahali pa kuweka uzito. Kwa gitari akili hiyo inapotea. Mtu yuleyule anaanza kuuliza juu ya rangi na vernisi.

Jambo lingine, na hili linaumiza kidogo, ni kwamba mbao za jamii ya libuyu, ambazo wafanyabiashara wa nje huziita sapelli, zinatoka katika misitu ya Kongo na nchi jirani, na viwanda vikubwa vya gitari vya Marekani vinazitumia kwa migongo na mbavu. Zinarudi Afrika, zikirudi, zikiwa na bei ambayo seremala wa Walikale hawezi hata kuiota. Ubao ni uleule. Kilichoongezwa ni kazi na jina.

Turudi Sevilla. Mwaka 1868 Torres alioa tena, akamchukua Josefa Martín Rosada. Mwaka uliofuata kijana ambaye hakuwa bado na miaka 18 aliingia katika karakana yake akitaka gitari. Jina lake lilikuwa Francisco Tárrega. Torres akamwonyesha gitari ya kawaida, ya bei ndogo, iliyokuwa tayari pale. Kijana akaanza kupiga. Fundi akasikiliza, akainuka, akaenda kuleta nyingine aliyokuwa ameitengeneza mwaka 1864 kwa ajili yake mwenyewe, na hiyo ndiyo Tárrega aliondoka nayo. Aliipiga kwa miaka karibu 20.

Tárrega akawa mtunzi mkubwa wa gitari wa Uhispania. Hata asiyewahi kusikia jina lake anamjua: ule mlio wa simu za Nokia, uliolia katika kila soko kutoka Sake mpaka Walikale, ulichukuliwa kutoka katika kipande chake cha muziki. Kila mahali alipokwenda, watu waliona ameshika gitari ya nani. Fundi hakuhitaji tangazo lingine.

Kisa hicho cha Tárrega kinaonyesha pia namna Torres alivyouza. Alikuwa na gitari za ngazi mbalimbali. Za kawaida, zisizo na mapambo, kwa mtu wa kawaida. Za urembo mwingi kwa mwenye pesa. Na zile chache alizoziweka kando, akingoja mtu anayezistahili. Hakushusha bei ya kazi nzuri ili imfikie kila mtu. Alifanya kazi nyingine, rahisi zaidi, kwa mtu mwenye mfuko mdogo. Mafundi wetu wengi wanafanya kinyume: wana gitari ya namna moja tu, na bei yake inategemea mteja analia namna gani.

Lakini sifa haikuwa chakula. Karibu mwaka 1870, akiwa fundi anayejulikana, mwenye medali, ambaye gitari zake zilishikwa na wapigaji bora wa nchi, Torres alifunga karakana ya Sevilla. Akarudi kwao Almería na mke wake, wakafungua duka la vyombo. Sahani, vikombe, bilauri. Fundi ambaye leo anahesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote alikaa nyuma ya meza akiwauzia akina mama sahani.

Mimi sioni aibu hapo. Naona hesabu ambayo haikukubali. Gitari ya mkono inakula majuma: kupasua mbao na kuzikausha, kukunja mbavu kwa moto, kubandika, kungoja gundi ishike, kupunguza ubao kidogo kidogo, kuchonga shingo, kupiga vernisi na kungoja tena. Katika kungoja huko watoto wanakula. Ndiyo maana hata Franco Luambo alipokuwa mtoto Kinshasa, akiwa na gitari aliyoijitengenezea kwa kopo na nyaya za umeme, aliipiga kwenye meza ya mama yake aliyeuza mandazi sokoni. Gitari ilivuta wateja, na pesa ilitoka kwenye mandazi.

Miaka kama mitano ikapita. Kisha, karibu mwaka 1875, Torres akashindwa kujizuia, akaanza tena. Kwenye karatasi ndogo anazobandika mafundi ndani ya gitari, zinazoonekana kupitia tundu, aliandika kwamba hiki ni kipindi chake cha pili, na akaanza kuzipa gitari namba. Alifanya kazi saa ambazo duka halikumhitaji. Mwaka 1883 Josefa alifariki. Mzee, sasa mwenye miaka 66, akazidi kujitolea kwa gitari, na katika miaka hiyo ya mwisho alikuwa akimaliza kama 12 kwa mwaka.

Kumi na mbili kwa mwaka. Msomaji afanye hesabu mwenyewe. Ni gitari moja kwa mwezi, kwa fundi aliyekuwa na uzoefu wa nusu karne. Basi bei ya gitari moja lazima ilipe mbao, nyuzi na gundi, halafu ilishe nyumba kwa mwezi mzima, kodi na dawa ndani yake. Ikishindwa, fundi anakula mtaji wake, au anauza sahani. Mteja wa Nyabiondo au wa Mubi anayeagiza gitari ya mkono anaagiza sehemu ya mwezi wa mtu, na fundi anayetaja bei akihesabu mbao peke yake amejitoa mwenyewe kwenye hesabu. Avansi anayoomba mwanzoni huwa inamaliziwa kwenye mbao na gundi. Kazi yake inabaki kungoja siku ya kuchukua gitari, na siku hiyo ndipo mteja anapoanza kulalamika.

Fundi wa kiwanda hana shida hiyo. Mashine inakata mbavu mia kwa vipimo vilevile, na ubao wa mbele unaachwa mnene kidogo ili gitari zisirudishwe zikiwa zimepasuka. Bei inakuwa ndogo, na gitari inakuwa salama. Haiulizwi kila ubao unataka nini, na mbao mbili, hata za mti mmoja, hazifanani kamwe.

Juu ya jambo hilo kuna kisa alichokiacha padri mmoja wa Almería, Juan Martínez Sirvent, aliyemjua Torres katika uzee na kumsaidia kidogo karakanani. Anasimulia kwamba siku moja mezani mzee aliulizwa kama atakufa na siri yake bila kuwaachia wengine. Torres akajibu kwamba siri ipo mbele ya macho ya kila mtu, ila yeye mwenyewe hana namna ya kuiachia, kwa sababu inakaa kwenye ncha za kidole gumba na kidole cha shahada, vinapoupima ubao na kumwambia kama umefikia unene unaotakiwa. Padri aliandika hayo miaka mingi baadaye, kwa hiyo maneno yenyewe huenda yamebadilika. Lakini kila seremala aliyepiga randa maisha yake yote anajua kwamba ndivyo ilivyo.

Antonio de Torres alifariki Almería tarehe 19 Novemba 1892, akiwa na miaka 75. Vipimo vyake havikwenda naye. Mafundi wa Madrid na Barcelona walizifungua gitari zake zilipofika kutengenezwa, wakapima, wakaiga. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1987, José Luis Romanillos, naye seremala aliyegeuka kuwa fundi wa gitari, alitoa kitabu kikubwa juu ya maisha yake na kazi yake, akiziorodhesha gitari zilizobaki moja moja. Inakadiriwa kwamba alitengeneza kama 320. Zinazojulikana mahali zilipo hazifiki theluthi moja ya hizo.

Moja ya hizo inapouzwa leo, bei yake inaweza kupita dola 100 000. Hakuna hata senti moja inayofika Almería kwenye lile duka la sahani. Ile ya katoni haiuzwi. Imo katika jumba la makumbusho ya muziki huko Barcelona, imechakaa, na haipigwi tena.